Printa Isiyo na Wino

Wiki iliyopita nilirudisha funguo za karakana. Nyinyi vijana mlinipa kiboko aliyechongwa kwa jiwe la Tabaka, mkanilisha keki, halafu mmoja wenu akaniuliza mdomo ukiwa umejaa, "Mama Akinyi, kwa miaka yote hiyo, ni printa gani ilikutoa jasho zaidi?" Nikajibu kwamba nitaandika, maana keki ilikuwa tamu na jibu lilikuwa refu. Basi ndilo hili. Anayetafuta humu habari za vyeo na mishahara atachoka bure. Vyeo vyangu vyote vingeandikwa nyuma ya tiketi ya basi, na nafasi ingebaki.

Nilifika Kisii nikitoka kwetu ziwani, msichana mwenye cheti kimoja na sanduku la bati. Kikisii sikujua hata cha kuombea maji. Aliyenipokea ni Mzee Makori, fundi wa mashine za ofisi, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa waya wa shaba. Kijaluo chake kiliishia kwenye majina ya samaki. Kwa hiyo tukakutana kwenye Kiswahili, kila mmoja na chake, na tukaelewana vizuri kuliko ndugu wengi ninaowajua.

Siku ya kwanza hakunipa bisibisi. Alinipa gunia la nyaya akaniambia, "Zipange. Usinirudie mpaka ujue kila mmoja unaongea na nani." Nilidhani mzee ananitania. Siku ya tatu nilikuwa bado niko chini ya meza na mita yangu ya kupimia umeme, nikigusa ncha hii na ncha ile nikisikiliza mlio. Hapo ndipo alipochuchumaa akanionyesha lile tundu la pini tisa nyuma ya kompyuta, tunaloliita siriali.

"Herufi zinapita hapa moja moja," alisema, "kama watu wanaotoka kanisani kwa mlango mwembamba. Waya mmoja ni wa kusema. Mmoja wa kusikia. Mmoja ni ardhi, huo usichezewe. Na mmoja ni wa kusema ngoja. Huo wa ngoja ndio fundi mvivu huuruka."

Nyinyi mmezaliwa siku za kuchomeka na kuchapa, mnanicheka. Lakini zamani kila kampuni ilijitungia tundu lake, ikajipangia pini zake, halafu ikafa bila kuaga. Kazi yetu ilikuwa kuoanisha mashine ambazo hazikuwahi kutambulishwa. Makori alikuwa na kisanduku kidogo cha taa nyekundu na kijani. Ukikichomeka katikati ya kompyuta na printa, unaona nani anaongea na nani amenuna. Alipostaafu aliniachia hicho kisanduku, akasahau kuniachia miwani, na sasa nimeelewa kwa nini kazi ilizidi kuwa ngumu mwaka hadi mwaka.

Nimeona mengi. Kule Tabaka niliitwa na wauza vinyago, printa yao inaandika nusu ya mstari. Kuifungua, nikakuta vumbi la mawe limechanganyika na mafuta limekuwa ugali. Nikawaambia waitoe pale kwenye misumeno. Niliporudi nikakuta wameitoa kweli, hatua mbili. Kule Suneka nilikuta kuku ametaga ndani ya trei ya karatasi. Lakini hizo ni za kuchekea chai. Mliniuliza ya kunitoa jasho.

Ilianza na simu. Mwanamke, sauti ya kawaida ya mwalimu, ya mtu aliyezoea kunyamaziwa.

"Wewe ndiye fundi Akinyi? Unajua printa?"

"Printa zote, Mwalimu."

"Hii yangu haina wino."

"Wino tutatafuta, usijali."

"Nisikilize kwanza. Haina wino, na tangu itengenezwe haijawahi kuwa nao."

Alikuwa Mwalimu Nyaboke, wa shule ya sekondari ya wasichana upande wa Kebirigo, Nyamira, mwenye darasa la wanafunzi wasioona. Yeye mwenyewe haoni tangu utotoni. Printa yake ilikuwa ya breli: inapiga karatasi ngumu kwa vijisumari, nukta zinatokeza, msomaji anasoma kwa vidole. Nilikuwa nimezisikia tu. Nilifika Alhamisi asubuhi nikaikuta stoo, nzito kama mfuko wa saruji, imefunikwa leso. Kompyuta yake kuukuu ilikuwa hapo pembeni, nzima, na programu ya kugeuza herufi kuwa breli bado imo ndani. Kilichokosekana ni waya wa kuziunganisha. Stoo ilisafishwa muhula uliopita, na waya ukachomwa pamoja na takataka.

"Si ni kununua mwingine?" aliuliza mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

Nikamwonyesha. Upande wa kompyuta, pini tisa, siriali ya kawaida kabisa. Upande wa printa, tundu la duara lenye vijitundu saba vilivyopangwa kama upinde. Kampuni iliyoitengeneza ilikuwa imeshakufa, na kitabu chake cha maelezo hakikuwahi kufika Nyamira. "Waya huu hauuzwi," nikasema. "Huu unazaliwa."

Mwalimu mkuu akacheka, lakini hakucheka kwa muda mrefu. Alinieleza shida ilipo. Kuna msichana anaitwa Kwamboka, kidato cha tatu, haoni, anataka kuwa mwalimu wa Kiswahili. Na Kiswahili ndicho anachoanguka. Ameanguka mara mbili. Jumatatu ana mtihani tena, na akianguka mara ya tatu atatolewa darasani apelekwe kwenye ufumaji. "Sipendi," alisema, na nilimwamini, "lakini nitamshikilia hapa kwa sababu gani?"

Alipoondoka, Mwalimu Nyaboke alinyoosha mkono akachukua karatasi za Kwamboka kutoka rafuni, zile zilizonakiliwa kwa kalamu ili zisahihishwe. Nikasoma. Gitabu. Gusoma. Gupika. Kila mstari una kalamu nyekundu kama upele.

"Vitabu vya Kiswahili vya breli hatuna," alisema polepole. "Vya Kiingereza viko, Kiingereza anakiandika kukuzidi wewe. Kiswahili amekuwa akisomewa tu. Anaandika anachosikia. Na aliyemsomea miaka yote hii ni nani? Ni mimi, fundi, na ulimi wangu huu wa Kikisii."

Mimi ninayesema "sule" badala ya "shule" tangu nizaliwe nilitazama chini.

"Kwa hiyo nataka mtihani wa Jumatatu uwe chini ya vidole vyake, si mdomoni kwa mtu anayechoka kurudia," akaendelea. "Na mimi ni Msabato. Kesho jua likizama, sishiki kazi, na Jumapili ofisi zote hufungwa. Mwalimu mkuu ameniamini na karatasi ya mtihani, hataki mkono mwingine uiguse. Una leo na kesho."

Ndipo akanipa kadi. Ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye mguu wa printa, ndiyo maana haikuchomwa. Iliandikwa na marehemu Mwalimu Onsongo, aliyeanzisha darasa lile, naye pia alikuwa haoni. Ndiye aliyemfundisha Nyaboke kusoma. Alipounganisha printa ile mara ya kwanza, alijiandikia kwenye kadi ile kila pini ni ya nini, kwa breli, na akachora upinde wenyewe kwa nukta saba.

Mwalimu Nyaboke alipitisha kidole mstari wa kwanza, akatabasamu. "Ni yeye. Nukta ya juu kulia alikuwa anaibonyeza kidogo tu, mkono wake ulikuwa na maumivu. Ningemjua popote." Haki ya Mungu, nywele zilinisisimka. Mtu yuko kaburini, na mwanafunzi wake anamtambua kwa kishimo cha karatasi.

Tukakaa kama watu wanaoheshimiana wanavyokaa, uso kwa uso, yeye kwenye kiti chake na mimi, mgeni, kwenye kile kizuri. Alishika kadi katikati yetu, vidole upande wake. Upande wangu, katibu mmoja wa zamani, mwema sana, alikuwa amepitisha wino wa bluu kwenye kila nukta ili sisi wenye macho tuone. Nikambariki moyoni.

"Hii hapa," Mwalimu akasema, akabonyeza kwa ukucha, "anasema maneno yanaingia." Nikaona nukta inatikisika upande wangu, nikaichora kwenye daftari. "Hii ya katikati, ardhi." Nikachora. Zile nyingine, hazitumiki. Moja ya pembeni haikuwa na neno, ila mstari mrefu ulioshuka mpaka chini ya kadi.

Nikapima ya katikati kwa mita. Ardhi, sawasawa kabisa. Nikasema, mzee huyu hakukosea, basi zote ziko sawa. Nikalehemu. Kufika saa saba mchana waya ulikuwa umezaliwa, mzuri, na mpira wake mweusi.

Printa haikusema kitu.

Nikabadilisha kasi ya kutuma herufi, nikajaribu zote zilizokuwepo. Nikageuza wa kusema na wa kusikia. Nikachomeka kisanduku cha Makori: taa za kompyuta zinawaka, mtu anaongea peke yake. Saa kumi na moja mwalimu mkuu alichungulia. "Fundi, niambie tu ukweli." Nikamwambia ukweli ni kwamba narudi kesho. Nilikwenda Kisii nimenuna, hata chakula sikukitaka, na wanaonijua wanajua hiyo ni habari nzito.

Ijumaa asubuhi nilifungua waya nikaukagua nukta kwa nukta. Hakuna kosa. Daftari na waya vilikubaliana kama mapacha. Ilipofika saa sita nilikuwa nimekaa kwenye benchi nyuma ya darasa, mita mapajani, sina hata wazo. Mbele yangu alikuwa Kwamboka mwenyewe, msichana mwembamba mwenye sweta la kijani, anaandika kwa kibao chake cha chuma na kalamu ya ncha. Tok, tok, tok. Nikamtazama kwa sababu sikuwa na kingine cha kutazama. Mkono ulikuwa unakwenda kutoka kulia kuelekea kushoto.

"Kwamboka, mbona unaandika kinyumenyume?"

"Siandiki kinyume, Mama. Natoboa mgongo ndio nisome uso." Akaitoa karatasi, akaigeuza, akapitisha kidole kutoka kushoto kwenda kulia. "Ona. Nukta zinatokea huku."

Mgongo.

Nilisimama mita ikaanguka. "Mwalimu!" nikapiga kelele kana kwamba hakuwa hatua nne kutoka kwangu. "Ile kadi! Wino uko upande gani?"

"Wino? Mimi najuaje mambo ya wino?" Aliichukua, akagusa uso, akagusa nyuma. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, mpaka akashika meza. "Ai, fundi! Tulikaa tukitazamana! Mimi nimesoma uso, wewe umesoma mgongo! Kushoto kwangu kumekuwa kulia kwako!"

"Na ile ya katikati?"

"Ya katikati ni katikati tu, ugeuze usigeuze!"

Ndiyo maana mita ilinidanganya. Katika pini saba, moja tu haijali unaitazama kutoka upande gani, na ndiyo moja niliyoipima. Miaka yote ile ya kazi, na nilikuwa nimekosea kwa sababu ya adabu ya kumkalisha mgeni.

Nikalehemu upya, waya wa kusema na wa ardhi tu, haraka haraka, kwa sababu saa ilikuwa inakimbia. Nikaandika kisa kifupi cha majaribio kuhusu mkulima na mbuzi wake, nikabonyeza.

Wacha niwaambie. Sijawahi kusikia kitu kama kile. Printa mlizozizoea zinanong'ona. Hii ilipiga meza kama watu watatu wanaopigilia misumari. Vikombe vikaruka, wapishi wakaja kutoka jikoni na miko mikononi. Karatasi ikatoka nyeupe pe, haina alama hata moja, na mpishi mmoja akauliza, "Kelele yote hiyo ni ya nini na hakuna kitu?" Kwamboka akaipokea, akaiweka mezani, vidole vikaanza kutembea.

"'Mkulima huyo,'" akasoma, "'alikuwa mpole sana, mwenye pembe mbili na ndevu.'"

Tulicheka wote. Lakini mimi niliacha mapema. Mistari miwili ilikuwa imerukwa, ile ya mbuzi. Printa ilikuwa mzee, kichwa chake kinabeba maneno machache tu kwa mara moja, na kompyuta ilikuwa haimsubiri. Alihitaji waya wa ngoja. Na kwenye kadi sikuona ngoja.

Kwamboka hakuwa amecheka sana. Alikuwa amerudi mwanzo wa ukurasa, kidole kimesimama kwenye neno moja. "Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "hapa pameandikwa kupika. Inaanza na K?"

"Inaanza na K, mwanangu."

"Na kutoka? Na kitabu?"

"Zote."

"Zote!" Akarudia kupitisha kidole, mara nyingine, na nyingine, mdomo wazi. Nilimwona mtu anakutana na lugha ambayo ameishi nayo miaka kumi na tisa. Mwalimu Nyaboke alikuwa amegeuza uso dirishani, machozi yanamtoka, hayafuti.

Nikamwacha kidogo. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka juu ya majani ya chai, hilo sikuwa na budi kulitazama. "Mwalimu," nikasema, "ile nukta ya pembeni, yenye mstari mrefu. Mstari unafika wapi?"

Akaivuta kadi karibu na kifua.

"Kuna maneno huko chini ambayo hukunisomea?"

"Yapo. Si ya mashine."

"Nisomee, tafadhali."

Akaiweka kadi mezani. "Nilijua yapo tangu alipotuacha, na sijawahi kumwambia mtu. Mwaka ule alikuwa ameanza kuugua. Akipanda ile ngazi ya darasani ilibidi tukae kimya tumsubiri apumue. Niliona kwamba aliandika juu yake mwenyewe." Akapitisha kidole. "Anasema: 'Mzee huyu huchoka. Mngojeni.'"

"Mwalimu," nikasema, "hiyo ndiyo pini ya ngoja."

Akaurudia mstari kwa kidole. Halafu akacheka na kulia kwa pamoja. "Onsongo! Hata hapa ananifundisha!" Mpaka leo sijui aliandika juu ya printa au juu yake mwenyewe. Naona aliandika juu ya wote wawili kwa mstari mmoja, kwa sababu karatasi ngumu ilikuwa adimu.

Nikalehemu waya wa tatu. Safari hii printa ilipiga, ikapumzika, ikapiga, ikapumzika, na kila ilipopumzika taa ya kisanduku ikabadilika kutoka kijani kuwa nyekundu, kompyuta ikasubiri kwa heshima zote. Mbuzi akarudi kwenye kisa na pembe zake. Mimi nikatoka nje na wapishi, kama tulivyoagizwa, Mwalimu Nyaboke akafunga mlango akachapa mtihani. Aliniuliza kupitia dirishani, "Fundi, jua liko wapi?" Nikamwambia limebaki kama vidole viwili juu ya kilima. Akaniambia, "Vinatosha." Akatoka na bahasha, akamkabidhi mwalimu mkuu mkononi, akafunga stoo. "Buya mono, fundi," akasema, ahsante sana, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Jumatatu nilirudi Kebirigo. Niliwaambia wenzangu wa karakana nimesahau bisibisi, na bisibisi ilikuwa mfukoni. Nikakaa kwenye nyasi nje ya darasa kama mzazi. Najua matokeo ndiyo mnayoyataka, kwa hiyo niseme hapa yaishe: alipita, si kwa mbwembwe, alipita, na kwenye ufumaji hakwenda.

Lakini matokeo yalikuja baada ya wiki mbili, na mimi yangu niliyapata siku ileile. Mtihani ulipokwisha wenzake walitoka mbio. Yeye alitoka wa mwisho, mkono mmoja ukutani, vidole vimekuwa vyekundu kwenye ncha. Nikamwita. Nikamuuliza ilikuwaje.

"Ufahamu ulikuwa mgumu, Mama," akasema. "Aya ya pili sikuielewa. Nikairudia. Nikairudia tena. Niliisoma mara sita."

"Mara sita!"

"Mara sita," akasema, na uso wake ukafunguka wote. "Na hakuna mtu aliyeguna."